Gunia lilikuwa limekwisha kusema

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Igoma, Mwanza, aliniandikia akiuliza ni gundi ipi inayoshika vizuri magamba ya sangara juu ya turubai, na swali lake likanirudisha kwenye aibu niliyodhani nimekwisha kuisahau.

Miaka michache iliyopita nilinunua pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, magunia manne yaliyokwisha kubeba dagaa, nikayakung'uta, nikayawamba kwenye fremu na kuchora juu yake wanawake wanaoanika dagaa mchangani. Nilijiona Alberto Burri, yule daktari wa Italia aliyeanza kuchora akiwa mateka wa vita huko Texas na kuja kusifika kwa magunia yaliyochanika. Siku ya tatu ya maonyesho rangi ilianza kubanduka kama ngozi iliyobabuka, kwa kuwa nyuzi za plastiki zilikuwa bado na mafuta ya samaki, na harufu ikajaa ukumbini. Mwenye ukumbi aliniamuru mbele ya wageni niondoe "uchafu" wangu. Neno hilo linaniuma hadi leo, ingawa kuhusu harufu sina la kumbishia.

Kosa kubwa zaidi nililiona nyumbani. Gunia lilikuwa na namba za kilo zilizoandikwa kwa makaa, kiraka, na mshono wa kamba nyekundu, nami nilikuwa nimeyafunika yote hayo ili nichore kile kile ambacho gunia lilikuwa limekwisha kukisema.

Gunia moja nililifua mara mbili kwa sabuni, nikaacha kiraka na mshono wazi, nikachora mkono mmoja tu pembeni. Liliuzwa, tena kwa bei niliyoitaja mimi.

Wapiga picha nao wajifunze hapo. Katika saianotaipu, njia ya kuchapa picha za buluu iliyobuniwa na John Herschel mwaka 1842, ukilaza wavu wa dagaa juu ya karatasi iliyopakwa dawa, ukaianika juani na kuisuuza kwa maji, wavu hujichora wenyewe, mweupe ndani ya buluu, bila kamera. Msikimbilie ugeni wa kitu. Ulizeni kinabeba nini. Narudia: kinabeba nini?

Kwa hiyo, mdogo wangu, gundi nyeupe ya mbao itayashika magamba, mradi uyaoshe kwa sabuni na kuyakausha kabisa. Lakini kabla hujafungua kopo, nieleze kwa nini ni magamba na si kokoto za Capri Point, kwa maana mimi sikujiuliza, na magunia matatu bado yamekunjwa chini ya kitanda changu.