Manjano paka, ndimu iache jikoni

Dada, weka chini hiyo ndimu kwanza. Umesema kuanzia Jumatatu utapaka usoni kijiko cha unga wa manjano, maji ya ndimu mbili na magadi kidogo, kila asubuhi kabla ya kwenda kufungua kibanda, ili madoa ya chunusi yatoke kabla ya harusi ya mdogo wako mwezi ujao. Ukifuata mpango huo ulivyo, unaweza kwenda harusini na madoa mengi kuliko uliyonayo leo, tena meusi zaidi.

Ndimu ina kemikali zinazoitwa furanokumarini. Nyingi ziko kwenye ganda, na ukikamua kwa mkono zinashuka pamoja na maji. Zikikaa kwenye ngozi gizani hazina neno. Zikipigwa na jua, hasa miale yake isiyoonekana iitwayo UVA, zinaunguza seli za ngozi. Huu si mzio. Mzio huchagua mtu, hii haichagui: anaweza kuungua hata aliyekula na kushika ndimu maisha yake yote bila shida. Na madhara hayaji papo hapo. Unapaka Jumatatu, jioni uko salama, Jumanne unapaka tena kwa moyo mkunjufu, kumbe kuungua kwa Jumatatu ndiko kunaanza kujitokeza baada ya saa 24 hivi, na kunafika kileleni kati ya saa 48 na 72. Kwa mwenye ngozi nyeupe huonekana wekundu na malengelenge. Kwa ngozi yetu wekundu unaweza usiuone kabisa. Unahisi kuwasha au kuchomachoma, kisha panatokea doa jeusi, mara nyingi lenye umbo la mchirizi, pale pale maji yalipotiririka: shavuni, pembeni mwa mdomo, chini ya kidevu, hata kwenye vidole ulivyokamulia. Doa hilo hukaa wiki kadhaa, au miezi. Kwa kuwa limechelewa kutokea, watu hulaumu manjano, hulaumu maji ya bomba, hulaumu hasidi. Ndimu hakuna anayeitaja, na wiki inayofuata wanaipaka tena juu ya doa lile lile ili "iling'arishe".

Najua utasema utanawa kabla ya kutoka. Kunawa kunapunguza, hakumalizi, kwa sababu sehemu ya kemikali hizo imeshaingia kwenye tabaka la juu la ngozi. Kivuli cha kibanda hakitoshi, miale huakisiwa na kukufikia. Kioo cha daladala nacho kinapitisha UVA.

Usiku je? Usiku jua halipo lakini tindikali ipo. Kwenye pH, kipimo cha tindikali ambacho namba ikishuka ukali unapanda, maji ya ndimu yako kwenye 2 na kitu, ngozi ya uso iko karibu na 5. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo unapaka kitu chenye ukali unaozidi wa ngozi yako kwa mamia ya mara. Chunusi iliyopona nusu ikichomwa namna hiyo inavimba upya, na ngozi nyeusi ikivimba hutengeneza rangi zaidi mahali hapo. Ndivyo doa la chunusi lilivyozaliwa hapo mwanzo! Unajaribu kulifuta kwa njia ile ile iliyolileta.

Na hoja kwamba ndimu hung'arisha uso kwa vitamini C yake imeniudhi kwa muda mrefu. Gramu 100 za ndimu zina miligramu 30 hivi za vitamini C, yaani asilimia 0.03. Seramu za dukani, yaani vimiminika vya kupaka usoni, zinazotegemea vitamini hiyo mara nyingi huwa na asilimia 10 na kuendelea. Kilichojaa kwenye ndimu ni asidi ya sitriki, asilimia 5 hivi. Hiyo ndiyo unayopaka.

Wanaowafundisha dada zetu mchanganyiko huu kwenye video wananikasirisha kwa sababu wanarekodi dakika chache baada ya kunawa, taa imemulikwa usoni, ngozi imevutwa na tindikali ndiyo maana inang'aa. Siku ya tatu hawarekodi. Wengine chini ya video wanauza krimu ya "manjano" inayokufanya mweupe kwa wiki moja. Manjano hayafanyi mtu mweupe kwa wiki, hayafanyi kabisa. Krimu inayofanya hivyo ishuku kuwa na hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Viwili vya kwanza vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na steroidi ni dawa ya daktari, hukondesha ngozi mpaka ukipaka hata maji unasikia moto.

Mmea wenyewe hauna hatia. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, manjano huitwa haridra, na Wahindi wameyapaka kwenye ngozi na vidonda tangu kale. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, kwa watafiti wa huko waliodai kugundua kwamba manjano huponya vidonda. Baraza la utafiti la India, CSIR, likapinga kwa kuweka mezani maandishi ya zamani, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Sasa tazama bibi harusi wa Kihindi anapakwa nini kwenye haldi, shughuli ya kumpaka manjano kabla ya harusi: manjano na unga wa dengu, maziwa au mtindi, mafuta, maji ya waridi. Vitu vya kutuliza. Hata singo la bibi harusi wa Pwani ni liwa, maua na maji ya waridi. Hakuna sababu ya kumwagia tindikali juu yake.

Kazi ya manjano usoni ni kutuliza uvimbe wa chunusi ili isiache doa kubwa. Doa la zamani linafifia polepole, na kinachosaidia zaidi ni kulikinga na jua kila siku kwa mafuta ya kukinga jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi. Mwezi mmoja ni mfupi, nakwambia mapema.

Nunua manjano mazima. Unga wa kupima una mambo: Bangladesh watafiti walikuta unga uliokolezwa rangi kwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, na madini hayo ni sumu isiyoonekana kwa macho. Tena ukiomba "binzari" dukani unaweza kupewa mchanganyiko wa mchuzi wenye pilipili ndani. Chukua vipande vikavu, saga, chekecha kwa kitambaa chepesi, maana nyuzi zilizobaki hukwaruza.

Robo kijiko cha chai inatosha, si kijiko kizima. Changanya na kijiko kimoja cha mezani cha mtindi usio na sukari na kijiko cha chai cha unga wa dengu. Paka usiku, mbali na macho, dakika 10, na uondoe kabla haijakauka na kupasuka. Mara moja au mbili kwa wiki. Kabla ya yote jaribu kwenye kiwiko kwa ndani na usubiri saa 48, kwa sababu wapo wenye mzio wa manjano yenyewe. Usipake kwenye kidonda kibichi wala juu ya krimu za kung'arisha.

Magadi nayo yatoe. Rangi ya manjano, kurkumini, hugeuka nyekundu na kuvunjika ikikutana na kitu cha namna hiyo. Sabuni ya mche hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo ukiona povu jekundu usidhani ni damu. Ukibaki na unjano usoni usisugue: kurkumini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Pamba yenye mafuta ya nazi, futa, kisha nawa kwa sabuni laini.

Na kama ndimu umeshaijaribu leo, nawa sasa hivi kwa maji mengi na sabuni laini, osha na mikono, kisha kaa mbali na jua siku mbili tatu, kofia na mtandio hata ndani ya gari. Pakianza kuchoma weka kitambaa cha maji baridi, malengelenge usiyapasue, na usipake kitu kingine cha "kung'arisha" hapo. Yakiwa makubwa au karibu na jicho nenda kituo cha afya, na umwambie mhudumu kwamba ni ndimu na jua, asije akadhani umeungua moto.