Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya zamani kwenye tivii, bila kuingia gharama kubwa

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mwalimu wa tuisheni hapa Buhongwa, Mwanza, nina laptopu ya Dell ya zamani ina Windows 7, haina tundu la HDMI ina lile la bluu tu. Nataka watoto waone masomo kwenye tivii ya sebuleni maana wakiwa kumi kwenye kioo cha laptopu wanasukumana tu. Nilienda mjini nikauziwa waya una kichwa cha bluu upande mmoja na HDMI upande mwingine, nimechomeka tivii inaandika "No signal" tu. Duka lingine wakaniambia dawa ni kununua laptopu mpya. Nimebakiwa na elfu thelathini, nifanyeje?

JIBU: Mwalimu pole sana, na laptopu mpya usinunue, hiyo uliyonayo inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Tatizo ni huo waya. Tundu la bluu linaitwa VGA, limeanza na kompyuta za IBM mwaka 1987, na picha yake inatoka kama umeme unaopanda na kushuka, nyekundu njia yake, kijani njia yake, bluu njia yake. HDMI imekuja mwaka 2002 na yenyewe inapokea picha ikiwa ni namba. Sasa waya mtupu hauwezi kugeuza umeme kuwa namba, hata uchomeke na kuchomoa mpaka jioni tivii haitaona kitu, kwa hiyo urudishe kama bado wanapokea, na wasomaji wengine mkiona waya wa hivyo hauna kiboksi chochote katikati wala mkia wa USB msiununue kwa kazi hii.

Kabla hujatoa hata mia, geuza tivii uangalie nyuma na ubavuni. Tivii flati nyingi za miaka ya nyuma zina tundu lile lile la bluu lenye vishimo 15, limeandikwa PC au VGA au RGB. Ukilikuta umemaliza kazi, nunua waya wa VGA wa kawaida, bluu huku na bluu huku, hata uliotumika kwenye kompyuta za mezani unafaa, ila angalia kwa karibu vile visindano vya kichwani visiwe vimepinda, kimoja tu kikilala picha inageuka rangi, yote inakuwa ya njano au ya zambarau. VGA haibebi sauti, hilo watu wengi hawaambiwi dukani. Chukua na waya mdogo wa jeki, toa kwenye tundu la hedifoni la laptopu peleka kwenye tivii palipoandikwa "PC audio", au kama una sabufa chomeka laptopu moja kwa moja kwenye sabufa, na kwa watoto kumi sabufa ni nzuri zaidi kuliko spika za tivii.

Kama tivii ina HDMI tu, hapo ndipo unahitaji konvata, kiboksi kidogo cha VGA kwenda HDMI. Nasema KWENDA kwa sababu kuna kingine kinafanana nacho cha HDMI kwenda VGA, na hicho hakigeuki, kinafanya kazi upande mmoja tu. Unachokitaka wewe VGA inaingia, HDMI inatoka, kina mkia wa USB wa kuvuta umeme kwenye laptopu na kitundu cha jeki ya sauti, sauti ikipita hapo inatokea kwenye tivii yenyewe. Ukienda madukani Makoroboi, hapo Mwanza mjini, beba laptopu na chaja yake, omba wakuchomekee kwenye tivii ya dukani, usilipe kabla hujaona picha na kusikia sauti.

Ukifika nyumbani chukua rimoti bonyeza "Source", chagua tundu ulilochomeka, halafu kwenye laptopu shika kitufe cha Windows ubonyeze P, chagua "Duplicate". Ikigoma, Dell nyingi za zamani ni Fn na F8. Picha isipotokea au tivii ikisema haiwezi, shusha ukubwa wa picha kwenye laptopu mpaka 1024 kwa 768 kwanza, ikikubali ndio upandishe taratibu. Na kama maandishi ya pembeni yanakatwa hiyo siyo laptopu, ni tivii inakuza picha, ingia kwenye ukubwa wa picha utafute "Just Scan" au "Screen Fit".

Halafu mwalimu, kama masomo yenyewe ni video tu, yaweke kwenye flashi uchomeke kwenye USB ya tivii kama ipo, nyingi zinasoma MP4, hapo hutumii hata shilingi. Laptopu ibaki kwa siku za kufungua maswali na kuandika.

SWALI: Mimi niko Nansio, Ukerewe, tivii yangu ni ya chogo ina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe. Na mimi naweza kuunganisha kompyuta?

JIBU: Inawezekana dada, kuna kiboksi cha VGA kwenda AV, yaani hayo matundu yako ya rangi tatu, lakini sikushauri kama unataka kusoma maandishi. Tivii za chogo za huku kwetu zinaonyesha mistari 576 tu ya picha, tena kwa zamu, nusu nusu, kwa hiyo filamu utaangalia vizuri ila herufi za kompyuta zinatetemeka na kufifia, macho yatauma. Hiyo hela tafuta monita ya kompyuta iliyotumika, ofisi nyingi zinaziuza zikibadilisha vifaa, ina VGA yake tayari, unachomeka waya mmoja na sabufa pembeni. Muulize na mtu anayevuka kwenda Mwanza akuangalizie, ila mwambie aiwashe kwanza, na aitazame ikiwa nyeupe tupu ili aone kama kuna madoa au mistari kwenye kioo.