Nyie mnaoanza uhandisi wa medani, mto haukaguliwi ukiwa ndani ya gari

Juzi nimepita kando ya mto Malagarasi, chini kidogo ya Uvinza kule Kigoma, nikakuta vijana wako kwenye zoezi, wanaunganisha daraja la kuelea, nikamwambia wa bodaboda asimame niangalie. Aisee. Nimestaafu lakini mikono ilikuwa inawasha. Maboya, yale yanayobeba daraja juu ya maji, yanashushwa vizuri, boti inapiga kazi, kelele za kutosha, ila hakuna hata mmoja aliyekuwa anauangalia mto wenyewe. Mimi siku hizi raia, nikanyamaza. Acha niyatoe hapa.

1. Ukingo kwanza. Kila kuruta anadhani daraja linafia katikati ya maji. Linafia ukingoni bwana, lori la kwanza linashuka kwenye rampu, matairi ya mbele yanazama kwenye tope, nyuma una msururu wa magari na maboya yako yako safi kabisa ila hayana kazi. Wamisri mwaka 1973 wakivuka mfereji wa Suez walilikata lile tuta la mchanga la Waisraeli kwa pampu za maji, akili kubwa sana ile, lakini upande wa kusini, alikovukia Jeshi lao la Tatu, udongo ukageuka tope na madaraja yakachelewa. Wale walikuwa wamejiandaa, wewe na makoleo yako matatu unaringia nini? Vua buti, tembea, kanyaga. Kisigino kikizama na lori litazama.

2. Mkondo. Pima mita 30 ukingoni, rusha kijiti, hesabu sekunde. Kikichukua sekunde 30 basi maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde. Yakifika mita 2 usiniambie yameongezeka mara mbili tu, ile nguvu inayosukuma boya imeshakuwa mara nne. Na kijiti kirushe katikati, sio kwenye matete huku pembeni ambako maji yamelala.

3. Nanga. Hapa kaeni chini.

Nilikuwa sajini, tena sajini wa kujisikia. Kina kilikuwa kama mita 3, na nyote mnajua kamba ya nanga inataka mara 7 mpaka 10 ya kina, yaani mita 21 kwa uchache. Kamba tulikuwa nayo, mpya kabisa. Akaja mpishi, mvua inatishia, anaomba kipande cha kufungia turubai la jiko, nikamkatia. Akaja wa mahema ya maofisa, sasa huyo unamkataliaje? Nikamkatia. Mwisho wa siku nanga zangu zilipata kama nusu ya kinachotakiwa, nikazikaza zikawa zimenyooka tii, nikajisemea safi, hazichezi. Mkuu akavuka na gari lake, akasifia. Nilikula ugali na mgebuka siku hiyo nikalala kama bwana harusi.

Usiku akaja mlinzi, kijana Muha wa Kasulu, bado mpya. "Afande, kijiti changu kimezama." Kijiti gani? Kumbe jioni alichomeka kijiti pembeni ya maji kwa akili yake mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Nikamwambia hapa halijadondoka hata tone, rudi lindoni. Akasema afande, radi zinapiga upande wa kwetu tangu jioni. Nikageukia ukutani, yaani ukuta wa hema.

Sasa hebu fikirini na mnayajua haya. Mvua inyeshe Kasulu, Ruchugi inajaa, Ruchugi inamwaga Malagarasi pale pale Uvinza, na sisi tuko chini yake. Maji yanapanda, boya linataka kupanda nayo, kamba fupi imekaza inasema huendi popote. Pua ya boya inavutwa chini, maji yanapanda juu ya pua, mkondo nao unakandamiza, na likizama moja linamvuta jirani yake. Tulipofika daraja lilishapinda kuelekea ziwani, mafundo yamekaza hayafunguki, tunakata kwa panga gizani huku boti inahangaika kulishikilia lisiondoke zima. Maboya mawili yakaenda chini. Mtu hakuumia, Mungu tu.

Lakini sio hilo linaloniuma. Kwenye ripoti niliandika "mafuriko ya ghafla". Ikasomwa mbele ya wote na yule kijana kasimama pale, hakusema neno. Ghafla gani wakati kijiti kilikuwa kimesimama tangu jioni? Baadaye nikasikia kwamba hata Wamarekani Desemba 1995 wakijenga daraja la kuelea mto Sava kuingia Bosnia, maji yalipanda yakaifunika kambi yao, nikafurahi vibaya, kana kwamba hiyo inafuta ripoti yangu. Yule kijana sikuwahi kumwomba radhi, alihamishwa.

Kwahiyo: kijiti chenye alama, mlinzi akisome kila saa, na wa kulegeza kamba awepo usiku kucha. Mpishi atafute kamba yake.

4. Pete vua. Katikati ya boya na boya sio pa kuweka kidole. Basi.

5. Madereva. Lori la tani 20 linataka maboya yasukume mita za ujazo 20 za maji, haina mjadala, kwahiyo ukiona malori mawili yamebanana juu ya maboya yale yale jua hesabu imeshakufa. Gia ingiza ukiwa nchi kavu, usibadilishe, usifunge breki, acha nafasi. Tulikuwa na dereva mmoja wa bowza la maji, kafika katikati kiboko akaibuka upande wa kushoto, jamaa akafunga breki amwangalie vizuri, na nyuma lori lingine linakuja. Maji yakafika kwenye sakafu ya daraja. Nilimpigia kelele mpaka sauti ikakata, endesha wewe, kiboko utawasimulia Ujiji! Akapunga mkono akidhani namsalimia.