Damu ya Pweza na Chuma cha Bahari ya Kale

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Mimi ni mama lishe hapa Tanga na kila siku ninatengeneza pweza. Mwanangu anayesoma sekondari ameniambia kwamba damu ya pweza ni ya buluu kwa sababu ina shaba, ilhali yetu ni nyekundu kwa sababu ina chuma. Mbona mimi sijawahi kuuona huo ubuluu? Na kama ni kweli, nani aliyegawa, huyu chuma na yule shaba? Tena, udongo wetu mwekundu umejaa chuma; kwa nini basi wajawazito wanapewa vidonge vya chuma kliniki?

JIBU: Mama, mwanao amesema kweli, nawe macho yako hayakukudanganya. Himosianini, protini inayosafirisha oksijeni katika damu ya pweza, huwa ya buluu pale tu inapokuwa imeshika oksijeni. Ikishaiachia haina rangi, na pweza anayefika jikoni kwako amekwisha kufa kitambo. Kila molekuli ya oksijeni hushikwa katikati ya ioni mbili za shaba, yaani atomu za shaba zilizopungukiwa na elektroni. Kwetu sisi kazi hiyo ni ya himoglobini, yenye ioni nne za chuma, kila moja ikiwa imekaa ndani ya pete bapa ya kaboni na nitrojeni. Pete ya ukoo huohuo, ikiwekewa magnesiamu mahali pa chuma, ndiyo klorofili inayoupa mchicha ukijani wake.

Habari ya mgawanyo inaanzia baharini, ila si katika bahari unayoijua. Hadi miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita, hewa haikuwa na oksijeni ya kutajika, na maji ya bahari yalijaa chuma kilichoyeyuka, cha aina iliyopungukiwa na elektroni mbili. Shaba ilikuwapo, lakini ilikuwa imefungwa na salfa katika madini yasiyoyeyuka. Viumbe vya mwanzo vilitumia kilichokuwa karibu, na ndiyo maana protini nyingi zinazohesabiwa kuwa za kale kabisa zina vifundo vya chuma na salfa. Mojawapo ni ferredoksini, ambayo kazi yake ni kupokea na kupeleka elektroni. Mwaka 1966 watafiti Richard Eck na Margaret Dayhoff waliupitia mpangilio wa asidi amino 55 (asidi amino ni vipande vidogo vinavyounganishwa kuwa protini) za ferredoksini ya bakteria asiyevumilia oksijeni, wakaona kwamba nusu ya kwanza inafanana na nusu ya pili. Wakapendekeza kwamba chanzo chake kilikuwa kipande cha asidi amino nne tu, kilichorudiwa tena na tena. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye utamu wa habari hii: kipande kifupi namna ile kisingefanya la maana peke yake. Chuma kilikuwa jembe, protini ikawa mpini, na mpini ukaendelea kuchongwa kwa mamilioni ya miaka.

Kisha sianobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, wakaanza kutoa oksijeni kama taka. Oksijeni ilipozidi, chuma kilichokuwa majini kiligeuka kutu kikazama, ilhali shaba ilifunguka kutoka kwenye salfa ikaanza kuyeyuka. (Chuma kilichotua chini ya bahari za kale tunacho hata kwetu: sehemu ya dhahabu ya Geita imo ndani ya miamba ya aina hiyo, yenye mistari ya chuma.) Kwa jumla, basi, protini za shaba ni wageni waliochelewa kufika. Himosianini ya pweza ina udugu na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) cha shaba kinachogeuza rangi ya ndizi na viazi ulivyomenya ukaviacha wazi. Kifundo cha shaba mbili ni kilekile, ila katika kimeng'enya oksijeni hutumiwa na katika himosianini hubebwa tu. Kaa na kamba nao wana himosianini, lakini yao ilitokana na protini nyingine ya shaba. Wala umri wa madini hauamui kila kitu, kwani wapo baadhi ya kombe, jamaa wa pweza, wenye himoglobini na damu nyekundu kama yetu.

Sasa vidonge. Wekundu wa udongo ni kutu: chuma chake kimepungukiwa na elektroni tatu, na katika maji yasiyo na asidi ni kama hakiyeyuki kabisa. Tulirithi mahitaji ya bahari iliyojaa chuma, tukaja kuishi katika dunia iliyokifungia. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu mwilini, theluthi mbili hivi zikiwa katika himoglobini, na kwa kawaida hufyonza miligramu 1 au 2 kwa siku. Mjamzito anaongeza damu yake na kujenga ya mtoto, kwa hiyo kiasi hicho hakimtoshi.

Ukimkamulia ndimu kwenye mchicha au maharage, vitamini C hukirudishia chuma elektroni moja, kikawa kama kilivyokuwa baharini kabla ya oksijeni, na utumbo hukipokea kwa urahisi zaidi. Chai ya rangi hufanya kinyume, kwa maana tanini zake, zile zinazoipa ukakasi, hukinasa. Mteja wako mjamzito akiagiza maharage na chai kwa pamoja, mpe maharage na ndimu kwanza. Chai aje kuinywa baada ya saa moja au zaidi, na vidonge vya kliniki asiviache.