Mkuu usilipie hizo breka za umeme kabla hujasoma mstari wa volti 415 ubavuni mwake

Mkuu usitume hiyo hela kwanza. Nimeona picha uliyobandika, ile breka ya ampia 400 na zile nne za ampia 100, unasema jamaa wa Kariakoo anakuachia kwa nusu ya bei ya huku kusini na ampia zinatosha kwa mashine zako za kubangulia korosho hapo Masasi. Zinatosha ndio, hata zangu zilitosha. Lakini maelezo yako yote marefu yale sijaona neno kiloampia (ampia elfu moja, ndo kipimo cha shoti ambayo breka inaweza kuikata) hata mara moja na ndo maana nimeacha chai yangu nikuandikie.

Umesema transfoma ni 315 kVA. Nenda kasome kibati chake, kuna asilimia ya impidansi (ukinzani wa ndani wa transfoma) imeandikwa pale, kwa saizi hiyo mara nyingi inakuwa 4, yaani 0.04. Sasa chukua 315,000 gawa kwa volti 400, gawa tena kwa 1.732 ya feisi tatu, unapata ampia 455, hizo ndo za mzigo transfoma ikiwa imejaa. Halafu hizo 455 gawa kwa 0.04. Inakuja kama 11,400, yaani kiloampia 11.4, na huo ndo umeme unaoweza kupita siku feisi zote tatu zikishikana hapo hapo kwenye bodi ya umeme. Breka yako inatakiwa iukate huo na yenyewe ibaki nzima. Ampia 100 za usoni hazikwambii chochote kuhusu hilo, zinakwambia mota itazunguka bila breka kudondoka (kujizima), basi.

Yangu ilikuwa hivi. Niko Mtwara mjini, transfoma yangu 500 kVA, iko nje ya ukuta mita 8 tu toka kwenye bodi. Ukipiga hesabu ile ile inakuja kiloampia 18. Hiyo hesabu hakuna aliyenipigia, nimekuja kuijua baadae. Fundi wangu, mtu ana cheti na ana maneno, aliniambia mzee mota ya kompresa ni kilowati 37, inakula ampia kama 70, ukiweka breka ya 100 umemaliza. Muuza duka nae akaniwekea kidole kwenye ubavu wa breka, akasema unaona hii, kiloampia 25, hii ni ya kiwandani kabisa bosi. Na kweli 25 ilikuwepo. Alichokifunika na kidole chake sikukiona.

Mwaka wa kwanza tuliendesha kwa jenereta la kVA 100 tukisubiri transfoma. Ikapiga shoti siku moja, breka ikadondoka taratibu kama inavyotakiwa, tukarekebisha tukaendelea. Nikawa natamba kwa watu kwamba vifaa vyangu vimeshajaribiwa. Kumbe jenereta dogo kama lile likipigwa shoti linatoa kiloampia 1 na kitu, ile haikuwa mtihani hata kidogo. Mtihani ulikuwa unasubiri transfoma.

Ukaja mwezi wa 11, msimu umechachamaa, ghala limejaa. Usiku tulizima ile breka ya kompresa, panya akatafuna kebo pale inapotokea kwenye bodi, hata futi moja haijafika. Asubuhi kijana wa zamu kaja, kanyanyua mkono wa breka kama anavyofanya kila siku.

Ile breka haikukata umeme, umeme ndo uliikata yenyewe. Ilipasuka mkononi mwake. Moto ukaruka ukaenda kwenye basiba za nyuma (vile vipande vya shaba vinavyogawa umeme ndani ya bodi) ukaendelea kuunguza mpaka fyuzi za kule juu kwenye nguzo zikakatika kwa mlio ambao watu wa mtaa wa pili walitoka nje. Nilipoingia nilikuta matone ya shaba yamegandia kwenye ukuta mweupe upande wa pili wa chumba, na mfuniko wa breka uko chini ya mizani ya kupimia magunia, mbali kabisa. Nikauokota, nikakwangua masizi kwa kucha, ndo nikasoma kilichoandikwa mle kwa herufi ndogo: 240V 25kA, na chini yake 415V 10kA. Mimi natumia feisi tatu, volti 400, kwa hiyo mstari wangu ni ule wa chini. Kumi dhidi ya kumi na nane.

Yule kijana aliungua uso na mkono wa kulia, wiki 3 hospitali. Bado yuko na mimi, na mpaka leo anavaa shati la mikono mirefu hata mwezi wa 12 na joto la huku mnalijua wenyewe. Bodi mpya milioni 34, siku 19 tumesimama, korosho zilizokuwa zimeshapikwa zikaota ukungu. Breka ya haki ilikuwa inazidi ile kwa laki moja na 70. Nikikaa peke yangu siwazi hata hizo milioni, nawaza ule mkono, na namkasirikia sana yule muuzaji kwa sababu mstari ule alikuwa anaujua, na fundi nae kwa sababu kusoma ubavu wa breka ndo kazi niliyomlipa aifanye.

Kwa hiyo wewe na 11.4 zako, hizo breka za kwenye picha jamaa akizigeuza ukakuta 10 kwenye mstari wa 415 usizichukue. Tafuta zilizotengenezwa kwa IEC 60947-2, kile kiwango cha kimataifa cha breka za viwandani, na zina namba mbili, Icu na Ics. Icu ni kile inachoweza kukata ikiwezekana mara ya mwisho katika maisha yake, Ics ni kile inachokata halafu ukaendelea kuitumia. Wewe iangalie Ics. Kuna breka imeandikwa Icu 25 lakini Ics ni nusu yake, 12.5, kwako inapita kwa mbinde. Na siku wakikuwekea transfoma ya 630 kwa sababu umeongeza mashine, hesabu inaruka mpaka kiloampia 22 na zaidi, ile ile bodi. Mimi ningeweka za 36 nilale.

Na vile vibreka vidogo vya taa, vyenye kijisanduku kimeandikwa 6000, hiyo ni kiloampia 6 tu, usivifunge moja kwa moja kwenye basiba kuu. Viweke bodi ya mbali. Urefu wa kebo unasaidia sana, mita 30 za kebo ya shaba ya milimita 16 za mraba kwa transfoma kama yangu zinashusha zile 18 mpaka kwenye 6 hivi. Atakayekwambia breka kubwa itailinda ndogo mwambie alete jedwali la mtengenezaji linalosema hizo mbili zilijaribiwa pamoja, hana akae kimya.

Kuhusu bodi itengenezwe hapa au ije imekamilika, vyovyote, ila mwenye karakana akwambie basiba zake zinahimili kiloampia ngapi kwa sekunde 1, na akijibu kwa ampia ondoka. Boksi liwe IP54, yaani la kuzuia vumbi na maji ya kurukia, vumbi la maganda na yale mafuta yake yanaingia kila tundu. Uliuliza pia za kapasita na ile swichi ya kubadilisha jenereta, hizo wadau wengine watakujibu, mimi kichwa changu kiko kwenye ile picha.

Mwambie jamaa ageuze breka ubavu apige picha herufi ndogo zote, wewe piga kibati cha transfoma, weka hapa hapa leo. Na jamaa akikutumia video amefunika na kidole mwambie atoe kidole.