Jibu: Kwa nini "bank" ni ukingo wa mto na pia ni mahali pa pesa?

Dada wa Ahero, mwanao ameuliza swali zuri sana, na mwalimu aliyemwambia kwamba ni "bahati tu" hakumtendea haki.

Kwa Kiingereza haya ni maneno mawili yaliyofika kwa njia tofauti. La mto ndilo la zamani zaidi, lilikuwepo kufikia karne ya 13, na inaelekea lilitoka kwa watu wa Skandinavia. Maana yake ya asili ni udongo ulioinuka. Mwonyeshe matuta ya mto Nzoia kule Budalang'i, au kingo za Nyando hapo kwenu, ataelewa mara moja.

La pesa lilianzia Italia. Wabadilishaji fedha walifanya kazi juu ya meza au benchi, iliyoitwa "banca". Wafaransa wakalichukua wakasema "banque", Waingereza wakalipokea katika karne ya 15. Hata neno lao la kufilisika, "bankrupt", limetokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya meza iliyovunjika.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda: Waitaliano nao walilipata kutoka lugha za Kijerumani za kale, shina lilelile lililozaa la mto. "Bench" pia ni la ukoo huo. Kwa hiyo benki na benchi zetu ni ndugu wa damu!

Rubani akiinamisha ndege upande mmoja anapokata kona kuelekea uwanja wa Kisumu, Kiingereza husema pia "bank". Hilo limetokana na la mto, kwa sababu ya ule mteremko.