Koti la Minneapolis usilinunulie Dar

Mdogo wangu, umeuliza ubebe nguo gani kwenda chuo Minneapolis, Marekani, mwezi wa kwanza, na kama koti zito uliloonyeshwa Kariakoo litatosha. Liache. Koti la kufaa Mbeya au Arusha halifui dafu huko: usiku wa Januari nyuzi 13 chini ya sifuri ni kawaida, na zipo siku zinashuka hadi 25. Hela hiyo itunze, koti utalipata kulekule, hata kwenye maduka ya mitumba.

Beba nguo za kuvaa ndani ya koti. Baridi ile inazuiwa na nguo zilizopandana, maana kinachokupa joto ni hewa inayonaswa katikati yake. Ya kwanza mwilini iwe fulana ya mikono mirefu na taiti, za polyesta au sufu. Pamba hapana! Ukiharakisha kwenda kituoni unatoka jasho, pamba inalinywa na haikauki. Ukisimama dakika kumi kungoja basi, mgongo wote umeshapoa. Juu yake sweta au jaketi la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya, lenye zipu mbele, kwa sababu madarasani kuna joto na utalazimika kulivua.

Vyote hivyo vipo mitumba ya Karume. Soma lebo ya ndani ya kola kabla ya kuuliza bei. Tafuta na jaketi jepesi la kuzuia upepo: weka kitambaa chake mdomoni, puliza kwa nguvu, pumzi ikitokea upande wa pili, na upepo utapita hivyohivyo. Jaketi hilo, mzula na glovu viwe kwenye begi la mkononi. Begi kubwa likibaki Amsterdam unakobadilisha ndege, utatoka uwanjani na nini?

Viatu ndiko wengi wanakokosea. Wanavaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana, damu haipiti vizuri, vidole vinakufa ganzi. Soksi moja nene ya sufu na kiatu chenye nafasi vinatosha. Vile vya ngozi vya kanisani viache nyumbani, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inaacha madoa meupe na kuipasua ngozi.

Begi lipime nyumbani, lisizidi kilo 22 kama tiketi inasema 23, mizani hutofautiana. Pakibaki nafasi, weka kanga doti mbili. Hizo kule utazitafuta sana.